Jazi uwanjani: kwa nini noti zilezile zinatoka kama gwaride

Mkuu, umeuliza kwa nini rekodi za miaka ya 70 na 80 za vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani, hasa Blue Devils wa Concord, California, na Madison Scouts wa Wisconsin, zina jazi inayochemka, wakati bendi yenu ya watu 40 ikipiga noti zilezile inasikika kama gwaride la sikukuu. Kwa jinsi ninavyozijua safu hizi, noti mnazo. Mnachokosa ni makubaliano: noti fupi iwe fupi kiasi gani, iishie wapi, na kila mtu amsikilize nani.

Tuanze na chombo, maana kina sehemu yake. Vikosi hivi vilikulia mikononi mwa maaskari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa hilo haviko mbali na beni zetu za pwani, zile za Marini na Arinoti, nazo zilizochota kwa wanajeshi. Urithi wao ni tarumbeta la kijeshi la G, yaani lenye noti ya msingi G. Drum Corps International, chombo kinachosimamia mashindano ya vikosi hivi, ilianzishwa 1971, na kanuni zake zililishikilia G kwa muda mrefu: vali mbili za kusimama ziliruhusiwa 1977, ya tatu 1990, na vyombo visivyo vya G vikaingia mwaka 2000. Kwa hiyo Madison Scouts walipochukua ubingwa wa 1988 na Malagueña ya Ernesto Lecuona, kwa sura ambayo Bill Holman aliitengenezea bendi ya Stan Kenton, walikuwa bado na vali mbili.

Vali ni kitufe kinachorefusha njia ya hewa na kushusha noti. Vali mbili maana yake nini? Ya kwanza inashusha toni nzima, ya pili semitoni, zote pamoja semitoni tatu. Basi. Ukishuka kutoka G ya mstari wa pili unapata F kali, F na E, halafu ukuta: E flati, D na D flati hazipo mpaka ufike C. Kati ya C ya juu yake na hiyo G inakosekana A flati. Ukipanda juu ya C hiyo, noti zinakamilika hadi G ya juu. Mpangaji wa muziki anayetaka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za jazi zilizobanana hawezi kuwa na mashimo katikati, kwa hiyo noti iliyokosekana kwenye soprano, tarumbeta la sauti ya juu, anampa mpigaji wa baritoni, tarumbeta kubwa la sauti ya chini. Baritoni anasikika oktava moja chini ya maandishi ya soprano, kwa hiyo akiandikiwa oktava juu anafikia sauti ileile, na huko juu vali zake mbili zinatosha. Hapo ndipo ule mlio wa baritoni unaolia kwa kujikaza unapotokea. Isitoshe, G ni semitoni tatu chini ya B flati, bomba ni refu zaidi, na noti ya juu inayosikika sawa inadaka sehemu ambayo sauti za asili za bomba zimesogeleana. Mdomo ukilegea kidogo tu, unadondokea noti ya jirani. Kwa tarumbeta zenu za kisasa za B flati hamtapata mkazo huo bure, na wala msiutafute kwa kupiga makelele.

Sasa swingi yenyewe, yaani ule myumbo wa mapigo ya jazi. Kwa tempo ya 120 (mapigo 120 kwa dakika), pigo moja ni nusu sekunde. Nusu-pigo mbili za jazi hazigawani sawa: ya kwanza inachukua kama sekunde 0.33, ya pili 0.17. Kadiri tempo inavyopanda ndivyo zinavyokaribiana, na kwenye tempo za kasi sana karibu zinalingana, kinachobaki ni mkazo kwenye ile ya pili. Kosa la bendi nyingi ni kuchukua uwiano wa 120 na kuupeleka hadi 180. Inatoka mrukoruko, kama punda anayechechemea.

Miguu ndiyo inayoharibu. Hatua ya kawaida ya vikosi hivi ni hatua 8 kwa yadi 5, yaani sentimita 57 kila hatua, na mguu wa kushoto uko kwenye pigo la 1 na la 3. Mwili mzima unataka kukazia hapo, jazi inataka 2 na 4. Dawa: weka metronomu kwenye nusu ya tempo, mfano 80 kwa wimbo wa 160, kisha ichukulie milio yake kuwa ni 2 na 4. Watu wakanyage papo hapo na kuimba sehemu zao bila chombo. Wakiweza kupiga makofi kwenye 2 na 4 huku wakiimba, ndipo wabebe tarumbeta. Wakisimama tena kwenye nusu duara la mazoezi wanapiga vizuri, wakianza kutembea inapotea. Hiyo ni kawaida, rudi kwenye makofi.

Halafu umbali. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu bendi nyingi huwalaumu wapigaji bure. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una upana wa kama mita 49, kwa hiyo sauti kutoka mstari wa mbele inamfikia mtu wa nyuma kabisa baada ya sekunde 0.14. Linganisha na ile noti fupi ya 0.17. Mtu huyo akifuata marimba zilizo mbele, anapiga karibu noti nzima nyuma, na sauti yake nayo inachukua 0.14 nyingine kurudi kwa watazamaji. Jumla 0.28, na kwa tempo ya 180 pigo zima ni 0.33. Ninyi mnaotumia uwanja wa soka wenye upana wa mita 68 mna hali mbaya zaidi: 0.2 kwenda tu. Kanuni ni hii: aliye nyuma kabisa aangalie mikono ya mwongozaji na azibe masikio kwa kilicho mbele yake. Aliye mbele asiangalie mikono, asikilize sauti inayotoka mgongoni na aingie nayo. Hivyo sauti zote zinafika jukwaani pamoja. Ngoma zikiwa katikati nyuma, kazi inakuwa nyepesi sana, kwa kuwa kila aliye mbele yake anapokea pigo kutoka upande mmoja.

Kuhusu mkia wa noti, kuna jambo letu sisi wasema Kiswahili. Walimu hufundisha matamshi kwa silabi: du-da-du-dat. Ile "dat" inafungwa kwa ulimi, na kufungwa huko ndiko kunakoikata noti. Midomo yetu haipendi silabi iliyofungwa, mtu anaimba "dati", na kile ki-i cha mwisho kinaingia kwenye tarumbeta kama vumbi nyuma ya noti. Tarumbeta 20 zikifanya hivyo, ukimya kati ya mapigo unajaa uchafu na swingi inakufa. Zoezi: semeni "dat" na mshikilie ulimi juu ya meno hadi pigo linalofuata. Pumzi isimame kwa ulimi kwenye noti hizi fupi tu. Noti ndefu ziachiwe kwa pumzi.

Mtelezo wa kushuka mwishoni mwa noti nao usiachwe kwa hisia. Andikeni: unaanzia pigo la 3, unaisha juu ya pigo la 4, sauti inapungua njia nzima, na hakuna anayegonga noti ya mwisho. Wanaopiga sauti ya kwanza (ya juu kabisa) wateleze kwa mdomo, wa ya pili na ya tatu wakoroge vali zikiwa zimebonyezwa nusu. Mmoja akichelewa nusu pigo anasikika peke yake uwanja mzima.

Mgawanyo wa sehemu: kwa tarumbeta 20, msigawe sawa. Watano sauti ya kwanza, saba ya pili, wanane ya tatu. Noti za juu zinapenya zenyewe. Mzizi wa kodi, yaani noti yake ya msingi, upewe tuba; noti ya tatu na ya saba kuhesabu kutoka mzizi zikae kwa melofoni (tarumbeta la sauti ya kati) na baritoni, na nyongeza za tisa na kumi na tatu ziende kwa tarumbeta. Msiweke noti mbili zilizoshikana chini kwa tuba, inakuwa ngurumo tupu.

La mwisho ni kuoanisha sauti. Hewa ndani ya bomba ikipoa nyuzi 1 ya Selsiasi, sauti inashuka karibu senti 3, pale semitoni moja inapohesabiwa senti 100. Mkirekebisha vyombo saa kumi jioni kwenye nyuzi 30 na kupiga saa mbili usiku kwenye 24, mnaweza kuwa chini kwa senti 18 hivi. Tuba ndizo zinazoshuka zaidi, kwa kuwa pumzi ya mpigaji haitoshi kupasha bomba kubwa namna ile, huku tarumbeta zikibaki na joto la mdomo. Kwa hiyo dakika tano kabla ya kuingia, tuba wapulize hewa ya joto bila mlio, kisha wao ndio watoe noti, na wengine wote wajipange juu yao.

Kama rekodi ya mazoezi yenu ipo, iwekeni hapa, lakini chukueni ile iliyorekodiwa kutoka juu jukwaani. Ya simu iliyo chini mstarini haionyeshi kuchelewa kwa watu wa nyuma.