Jalada la mufilisi halikai ukumbi wa jiji: nilivyolitafuta Chicago

Miaka kadhaa iliyopita nilimlipa fundi mmoja hapa Chicago arubuni ya makabati ya jikoni. Kazi hakuifanya, simu akaacha kupokea, na miezi miwili baadaye nikasikia kwa jirani kwamba amekwenda mahakamani kuomba ufilisi. Siku nzima niliitumia kulitafuta jalada lake mahali lisipokuwepo. Nilianzia ukumbi wa jiji, nikaelekezwa mahakama ya kaunti ya Cook katika jengo la Daley Center, na huko karani mwenye subira akanieleza jambo ambalo ilinipasa kulijua kabla sijatoka nyumbani: nchini Marekani ufilisi uko chini ya sheria ya shirikisho, kwa hiyo kesi zake hazifunguliwi katika mahakama za jiji, kaunti wala jimbo. Za Chicago husikilizwa na Mahakama ya Ufilisi ya Wilaya ya Kaskazini ya Illinois, iliyomo katika jengo la Dirksen, namba 219 South Dearborn Street, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka pale nilipokuwa nimesimama.

Hata ukishaijua mahakama ya jiji lako, usidhani kwamba kila mdaiwa wa jiji hilo atakuwa humo. Sheria humruhusu mtu kufungua kesi katika wilaya alimoishi, ilimokuwa biashara yake kuu au mali yake kuu kwa sehemu kubwa ya siku 180 zilizotangulia, na kampuni kubwa nyingi hupenda kwenda jimbo la Delaware ingawa maduka yao yako kwingineko. Kwa sababu hiyo namshauri anayeanza asijifungie katika wilaya moja, bali atafute kwanza katika faharasa ya taifa ya PACER, mfumo wa mahakama za shirikisho wa kusoma majalada kwa intaneti, ambayo huonyesha kesi za wilaya zote kwa pamoja.

Kikwazo changu cha pili kilikuwa jina. Mimi nilimjua fundi huyo kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari lake, kumbe karakana hiyo haikuwa kampuni iliyosajiliwa bali jina la biashara tu, na kesi ilifunguliwa kwa jina lake la kuzaliwa. Fomu ya maombi humtaka mdaiwa ataje majina yote aliyotumia katika miaka 8 iliyopita, pamoja na ya biashara, lakini si kila mdaiwa huijaza kwa uangalifu. Basi kabla ya kutafuta, chukua mkataba au risiti uone ni nani hasa aliyetia saini, na ujaribu tahajia zaidi ya moja. Ukikosa jina usihitimishe kwamba kesi haipo.

Kuhusu gharama, PACER hutoza senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3 hata ikiwa na kurasa 200. Ukitumia dola 30 au pungufu katika robo ya mwaka, husamehewa zote. Ila matokeo ya kutafuta kwa jina hayana kikomo hicho cha dola 3, hivyo ukiandika jina la ukoo peke yake, na likawa la kawaida, utalipia kurasa nyingi za watu usiowahitaji. Asiyetaka kufungua akaunti anaweza kwenda masijala na kusoma bure katika kompyuta za umma, akilipia tu kurasa anazochapa. Ipo pia huduma ya simu ya mahakama, ya bure, ambayo husoma kwa sauti namba ya kesi, tarehe ya kufunguliwa, jina la wakili na hali ya kesi. Kwa mtu anayetaka kujua tu kama kesi ipo, hiyo inatosha. Tovuti za watu binafsi zinazouza taarifa hizohizo niliwahi kuzilipa mara moja, nikapewa muhtasari uliopitwa na wakati. Sijarudi tena.

Ukilipata jalada, usiishie kwenye orodha ya matukio ya kesi, kwa maana hiyo inaonyesha tu nini kiliwasilishwa na lini. Yanayomhusu mdai yamo ndani ya majedwali: A/B hutaja mali, D huorodhesha wadai wenye dhamana, yaani ambao deni lao limewekewa rehani ya mali, na E/F wasio na dhamana, ambamo mimi nililikuta jina langu likiwa na kiasi sahihi lakini kando yake anwani ya nyumba niliyokwisha kuihama, na ndiyo maana taarifa ya mahakama haikunifikia. Kisha soma maelezo ya mambo ya fedha, ambamo mdaiwa hutakiwa kueleza malipo aliyowapa jamaa zake ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi na mali aliyohamisha ndani ya miaka 2. Kwa maoni yangu hizo ndizo kurasa zenye thamani kuliko zote, ingawa wengi huziruka.

Haraka ina sababu yake. Katika kesi za Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ambamo mali ya mdaiwa huuzwa ili kuwalipa wadai, na za Sura ya 13, ambamo hulipa kidogo kidogo kwa mpango, ambazo mdaiwa amezifungua mwenyewe, mdai kwa kawaida ana siku 70 tangu siku ya kufunguliwa kuwasilisha dai lake kwa Fomu 410, isipokuwa pale taarifa ya mahakama inaposema kwamba hakuna mali ya kugawa na wadai wasubiri kwanza. Nililiona jalada siku ya 58. Niliwasilisha dai siku iliyofuata, nikaambatisha risiti, na kwa kuwa sheria huwapa kipaumbele, hadi kiwango maalumu, wateja waliolipia bidhaa au huduma za nyumbani wasizopewa, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kipaumbele hicho katika fomu.

Usishangae ukikuta sehemu zimefichwa. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ufilisi hufanya hati hizi kuwa za umma, lakini namba ya hifadhi ya jamii huonekana tarakimu 4 za mwisho tu, na watoto hutajwa kwa herufi za mwanzo za majina yao.

Majalada ya zamani ya karatasi ni habari nyingine: mengi yalihamishiwa hifadhi za shirikisho, na baadhi yameharibiwa baada ya muda wake kwisha. Kabla ya kuagiza nakala huko, iombe masijala ikupe namba ya uhamisho, ya mahali na ya sanduku, kwa kuwa hizo tatu ndizo utakazoulizwa.