Seli ya San Quentin na Luku ya nyumba yetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama podikasti zinaweza kumfundisha mtu sosholojia na masuala ya jamii, au ni porojo tu. Nyingi ni porojo, tusidanganyane. Watu watatu wanaketi mbele ya maikrofoni, wanalaumu "mfumo" nusu saa nzima, wanacheka, tangazo linapita, basi. Lakini ipo moja iliyonifungua macho kuliko madaftari yangu ya chuo. Inaitwa Ear Hustle.

Hurekodiwa ndani ya San Quentin, gereza kongwe kuliko yote California, lililofunguliwa mwaka 1852. Ilianza kusikika 2017, ikiwa kazi ya Nigel Poor, msanii aliyekuwa akijitolea gerezani humo, na wafungwa wawili, Earlonne Woods na Antwan Williams. Kipindi cha kwanza hakigusi sera wala haki za binadamu. Kinahusu kuishi na mwenzako katika seli ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Nani ashuke kitandani kwanza? Nani avumilie harufu ya nani? Ndugu wawili wanaomba kukaa pamoja wakiamini undugu utawasaidia, na wanashindwana vibaya.

Kipindi kingine kinaingia kwenye rangi: nani anaweza kula na nani, nani akae wapi. Hakuna askari aliyeyaandika hayo. Wafungwa wenyewe ndio wanaoyalinda, na anayekiuka hukumbana kwanza na watu wa rangi yake. Chuoni tulifundishwa "kanuni za kijamii", tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Huku nilimsikia mtu mzima akieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini hawezi kupokea chakula kwa mwenzake.

Halafu kuna Woods mwenyewe. Alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 31 hadi maisha kwa jaribio la unyang'anyi. Adhabu hiyo haielezeki bila sheria ya California ya mwaka 1994, iliyomwongezea kifungo kizito aliyerudia makosa, hasa akifikisha la tatu. Novemba 2018 Gavana Jerry Brown alimpunguzia adhabu, akatoka, akaendelea na kipindi akiwa uraiani. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills aliandika mwaka 1959 kwamba mtu mmoja akikosa kazi mjini, hiyo ni shida yake. Mamilioni wakikosa, hilo ni suala la umma. Kwa Woods unasikia yote mawili kinywani mwa mtu mmoja: kosa ni lake, hesabu ya miaka ni ya sheria.

Baada ya hapo nilianza kuwasikiliza wapangaji wenzangu vingine. Tunachangia Luku moja. Kila umeme ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, lawama zinamwendea mama mwenye friji ya kuuzia barafu, naye anamrushia kijana mwenye pasi. Nilizoea kuiona ni tabia mbaya ya watu wawili. Siku hizi najiuliza kwa nini mwenye nyumba alifunga mita moja kwa vyumba vyote, na mbona nyumba jirani wana ugomvi uleule, hadi na matusi yake.

Tahadhari moja. Kila kipindi husikilizwa kwanza na ofisa wa gereza, na mwishoni unamsikia mwenyewe akisema amekiidhinisha. Wasikilizaji wengi hufurahia sauti yake. Mimi hunikumbusha kuwa kuna yaliyokatwa, na kwamba waliotendewa makosa husikika mara chache. Angalau hapo mlinda mlango anajitaja. Kwenye podikasti zetu za mjini, mfadhili aliyesema "hilo msiliguse" humsikii kamwe.

Kikwazo kikubwa ni Kiingereza cha gerezani, kinachokimbia. Mama wa friji hawezi kukifuata, ingawa angekuwa na mengi ya kuongeza. Natamani apatikane mtu wa kukaa na maikrofoni stendi ya mabasi mwaka mzima, awasikilize wapiga debe na mamantilie bila kuwaharakisha, na bila kumwalika mtaalamu wa kuwatafsiri. Anayetaka kuanza na Ear Hustle aanze na vipindi vya 2017, avipakue kwa bando la usiku.

Msomaji wenu, Morogoro