Mama anasahau: anza na dawa na masikio

Dada wa Kondele, pole. Unasema mama, miaka 72, mwenye sukari na presha, anauliza jambo moja mara tatu. Majirani wanasema ni uzee, shangazi anasema karogwa. Usiyameze hayo upesi.

Beba mfuko wote wa vidonge vyake, hata vya mafua vya dukani, daktari avione. Metformin, dawa ya sukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huvuruga kumbukumbu. Kipimo ni cha damu, tiba ipo. Lakini usimwachishe dawa mwenyewe! Zile za mafua zinazoleta usingizi pia huwachanganya wazee.

Masikio je? Mama yangu tulidhani anasahau, kumbe hakusikia. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kudhibitiwa: usikivu hafifu umo, presha, sukari, upweke pia. Tangu aache kuuza omena sokoni Kibuye, mchana anaongea na nani? Mrudishe kwenye chama chake.

Akichanganyikiwa ghafla, usingoje kliniki ya Jumatatu. Huenda ni malaria, sukari kushuka, maambukizi ya mkojo au kiharusi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.