Fundi, andika "dera jeusi"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mteja kaniletea kitambaa na karatasi ya vipimo, kaandika: "Dera la rangi ya nyeusi, la siku nyeusi ya familia yetu." Binti yangu wa kidato cha pili anasema "rangi ya nyeusi" ni kosa. Mteja naye anauliza, mbona twasema "rangi ya kijani"? Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, fundi. Mkweli ni binti. Mpe soda, kisha mwambie asivimbe kichwa, kwa sababu kosa kubwa zaidi kwenye karatasi ile limempita yeye, na wewe pia.

Tumalize kwanza la binti. Hiyo -eusi ni kivumishi halisi cha Kibantu, hakikuazimwa popote, na hufuata ngeli ya jina: dera jeusi, kitambaa cheusi, uzi mweusi, mikoba myeusi, mahali peusi. Kijani ni jina, jani limo humo humo ndani, ndiyo maana linataka "ya". Kijivu kimetoka kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau ni tunda, manjano yako jikoni kwako. Vivumishi vya rangi tulivyo navyo ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Asikucheke mtu kwa uchache huo. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa utafiti wao kuhusu lugha 98, wakasema lugha yenye maneno mawili tu ya rangi huwa na la weusi na la weupe, na likija la tatu huwa la wekundu. Wazee wetu walikuwa wameshayapanga hivyo bila kuulizwa.

Hilo limekwisha. Sasa nipe nafasi nihangaike na hiyo "siku nyeusi".

Naisikia redioni kila basi linapopinduka. Siku ya msiba ipo, siku ya majonzi ipo, siku mbaya ipo, na bado mtangazaji anatafuta brashi aipake siku rangi. Hebu tazama msiba wetu wenyewe una rangi gani. Sanda ni nyeupe. Wanaokwenda makaburini wengi wamevaa kanzu nyeupe. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na linalomfunga ni kutojipamba. Weusi wa msibani ni wa Ulaya, na aliyeukoleza kuliko wote ni Malkia Victoria wa Uingereza: alifiwa na mumewe Albert mwaka 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1901. Miaka 39! Mungu amrehemu, lakini huzuni ile ilikuwa yake. Huku kwetu anayepakwa weusi ni bibi harusi: piko mikononi pamoja na hina, wanja machoni. Kama weusi ni balaa, basi tumekuwa tukiwapamba mabinti zetu kwa balaa miaka yote hii, na vigelegele juu.

Na hiyo "siku nyeusi" bado ni mtoto. Mama yake ni "soko nyeusi", tafsiri ya "black market" ya Kiingereza.

Juzi nimeisoma gazetini, kwamba bidhaa fulani inapatikana "kwenye soko nyeusi". Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kwanza, soko liko ngeli ya li-ya, kwa hiyo ingekuwa "soko jeusi"; hata kosa lenyewe limekosewa. Pili, nilidhani soko limeungua.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele, hatukupungukiwa na maneno. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, khanga usiseme. Watu walificha vitu uvunguni, wengine wakavitupa usiku kwa hofu ya msako. Na kila ujanja ulikuwa na jina lake. Aliyevusha mali kwa siri alifanya magendo, neno lililotokana na kwenda, na ukilisikia unaona mashua inateleza usiku bila taa. Aliyenunua kwa bei halali akahodhi, kisha akauza kwa bei ya kuumiza, alikuwa mlanguzi. Aliyekuwa ndani ya duka la umma akawapa jamaa zake kabla foleni haijafika dirishani, hiyo ilikuwa ya mlango wa nyuma. Watu watatu, dhambi tatu, na mahakamani zingetofautiana. Leo anakuja kijana na "soko nyeusi" yake, anawatia wote kwenye gunia moja, na haonyeshi ni nani kavusha, nani kahodhi, nani kapenyeza. Mwizi gani hatapenda lugha ya namna hiyo? Mimi ningekuwa mlanguzi ningeichangia fedha.

"Orodha nyeusi" ni ndugu yao. Kikundi cha kukopeshana kina wadaiwa sugu, chama cha mpira kina waliofungiwa, duka la mtaani lina wasiokopeshwa. Hawa nao wamekusanywa chini ya wino mmoja, hatujui tena nani kakosa nini. Halafu kuna "kisanduku cheusi" cha ndege, kile kinachotunza kumbukumbu za safari. Fundi, kisanduku hicho kimepakwa rangi ya chungwa, tena ya kung'aa, ili kionekane upesi kwenye mabaki! Nangoja siku mtangazaji atakaposema kisanduku cheusi cha rangi ya chungwa kimepatikana, nizime redio nikalale. Na "Ijumaa Nyeusi" ya wauza simu, siku yao ya kupunguza bei, siigusi. Anayeitangaza asimame nje ya msikiti wowote wa Tanga saa saba na nusu mchana, ahesabu kanzu, kisha aniambie Ijumaa ina rangi gani.

Mteja wako anaweza kujibu kwamba saikolojia inathibitisha ubaya wa weusi. Kuna utafiti kweli. Mwaka 1988 Mark Frank na Thomas Gilovich walichunguza timu za Marekani za mpira wao ule wanaouita futiboli ingawa hushikwa kwa mikono, na za Marekani na Kanada za magongo ya barafuni, wakakuta zinazovaa jezi nyeusi zinaadhibiwa zaidi. Wakaonyesha watu tukio lile lile la mchezo, wengine kwa jezi nyeupe, wengine kwa nyeusi. Wa jezi nyeusi wakaonekana wakorofi zaidi. Siupingi. Ila watazamaji wale walilelewa na lugha ambayo ndani yake kondoo mweusi ni mtoto aliyeshindikana, na jicho husikiliza kile sikio linachoambiwa. Kwenye uwanja wetu wa mpira wa Mkwakwani waamuzi walivaa nyeusi miaka na miaka. Tuliwatukana sana, sikatai, lakini kwa ajili ya filimbi. Na bendera tuliyonayo tangu 1964 ina mstari mweusi unaoikata kona kwa kona, na tulifundishwa shuleni kwamba ule ni watu, yaani mimi na wewe.

Sikudanganyi, Kiswahili nacho hakina mikono misafi kabisa. Twasema fulani ana moyo mweupe, na anayesema hivyo ameshamweka mwenye moyo mweusi upande wa pili. Qurani yenyewe, Sura Aal Imran aya ya 106, inataja siku ambayo nyuso nyingine zitakuwa nyeupe na nyingine nyeusi. Mganga akiagiza kuku mweusi watu hushtuka, ingawa wiki ya pili ataagiza mwekundu na hakuna atakayeuliza. Basi nyuso na mioyo nawaachia, zimekaa humu muda mrefu na zimelipa kodi ya pango. Masoko, orodha na visanduku vimeshuka jana, na kwa kuwa hapa ni Tanga, waja leo waondoka leo, mimi sina pupa. Nasubiri viondoke. Vikikataa kuondoka, nitanung'unika mpaka nizoee, kama nilivyozoea watu kusema "masaa".

Wewe kwenye daftari lako andika: "Dera jeusi, la hitima." Na usitie bitana, jua la huku na kitambaa cheusi havina masihara.