Kodi ya kichwa ya 1380: kwa nini ya tatu ndiyo iliyowasha moto?

SWALI: Nafundisha historia kidato cha tano. Vitabu vinasema wakulima wa Uingereza waliasi mwaka 1381 kwa sababu ya kodi ya kichwa. Mbona kodi hiyo ilishatozwa 1377 na 1379 bila vita? Kilichobadilika ni kiwango tu au hata ukokotoaji? Na je, baada ya uasi ilifutwa? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Vyote viwili, Mwalimu, ila mimi kama mhasibu wa kodi naulaumu zaidi ukokotoaji.

Mwaka 1377 kila mtu wa miaka 14 na zaidi alilipa peni 4. Ile ya 1379 ilipangwa kwa madaraja: mume na mke wa kawaida walilipa peni 4 kwa pamoja, ilhali mtawala wa Lancaster, John of Gaunt, alidaiwa zaidi ya pauni 6. Ilikuwa ya haki kuliko zote, na makusanyo yake yakawa hafifu. Novemba 1380, Bunge lililokutana Northampton likaamua shilingi moja, yaani peni 12, kwa kila mwenye miaka 15 na kuendelea, ombaomba tu wakisamehewa. Sheria ya ujira ya 1351 ilitaka kibarua wa kuanika majani ya mifugo alipwe peni moja kwa siku. Waajiri wengi walikuwa wakiivunja kimyakimya, lakini shilingi ilibaki kuwa pesa nyingi.

Bunge lilijua hivyo, likaweka nafuu: tajiri amsaidie maskini, mradi wastani wa kijiji ufike shilingi moja kwa kichwa. Hakuna ambaye angelipa zaidi ya shilingi 20 yeye na mkewe, wala chini ya peni 4. Sasa chukua kijiji cha walipakodi 50. Deni lake ni shilingi 50. Akiwepo bwana mmoja wa kulipa shilingi 20 na mkewe, wale 48 wanabaki na shilingi 30, kama peni saba na nusu kila mmoja. Kijiji jirani kisicho na tajiri? Peni 12 kila mtu, hadi mjane. Nafuu iliishia mpakani mwa kijiji. Hapo ndipo kodi ilipooza.

Watu wakajificha wasiandikwe kwenye orodha. Walipakodi walioandikwa 1377 walikuwa 1,355,201. Safari hii wakashuka chini ya 900,000. Walipotea hasa wanawake wasio na waume: mabinti, dada, mama wajane. Serikali ikatuma makamishna wakahakiki upya, na kwa walipaji hilo lilionekana kama kutozwa mara mbili. Tarehe 30 Mei 1381, huko Brentwood, Essex, watu wa Fobbing walimwambia kamishna John Bampton kwamba hawalipi hata peni, kwani wana stakabadhi yake mwenyewe. Akaamuru wakamatwe, wakamtimua. Kukataa stakabadhi uliyoitoa mwenyewe ni kutafuta balaa, karne yoyote ile.

Wiki mbili baadaye waasi wa Kent na Essex walikuwa London, na mweka hazina wa mfalme, Robert Hales, akakatwa kichwa pamoja na Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa Chansela, yaani waziri wa ngazi ya juu wa mfalme. Ila waeleze wanafunzi wako jambo hili: waasi walipokutana na Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, huko Mile End tarehe 14 Juni, walidai utumwa wa shambani ukome na ardhi ikodishwe kwa peni 4 kwa ekari. Na vijijini walichoma daftari za mabwana, zilizoonyesha nani anawajibika kufanya kazi gani bila ujira. Kodi ilikuwa kiberiti. Kuni zilikuwa zimekauka tangu tauni ya 1348, vibarua walipoadimika na sheria ikawanyima kupandishiwa ujira.

Kuhusu kufutwa: hati za uhuru ambazo mfalme aliwapa waasi baada ya madai ya Mile End zilibatilishwa tarehe 2 Julai, na viongozi wengi wakanyongwa. Wat Tyler, kiongozi wa waasi wa Kent, alishauawa Smithfield, London, tarehe 15 Juni. Kodi ya kichwa yenyewe haikurudiwa kwa namna ile. Bunge likarejea kwenye kodi ya zamani ya mali zinazohamishika, ambayo kila kijiji kilikuwa na kiwango chake kilichopangwa tangu 1334.