Barua kwa mwanangu: Katuni na pweza aliyekwisha

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikipepeta mchele, ya pili nimetulia barazani. Nakujibu kwa kalamu, mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akutumie. Kuongea peke yangu na simu siwezi, najiona kama nimeingiwa na kitu.

Umeniuliza mawili. La kwanza, mtu mzima wa miaka 26, mhudumu wa mezani huko Nungwi, akilala usiku anaangalia vipande vya katuni kwenye simu ili apate Kiingereza, anajifunza au anamaliza bando? La pili, kwa nini yule mgeni mzee alinyamaza kimya kofia yake ilipopeperushwa na upepo nawe ukamwambia "Come on, silly!", mpaka msimamizi akakuvuta pembeni.

La kwanza. Wenzako waache wacheke. Mimi nimefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka 31, kitabu kimoja watoto watano, picha hakuna. Katuni ya darasa nilikuwa mimi mwenyewe. Nikitaka wajue "jump" naruka na gauni langu, nikitaka "sneeze" napiga chafya za uongo mpaka zinakuja za kweli. Siku moja ya masika, sakafu imelowa, nikateleza nikakaa chini pu! kama gunia la nazi. Darasa zima, hakuna aliyewaambia, likaitikia kwa pamoja: "Teacher is falling down!" Sentensi safi kama ile sikuwahi kuipata kwa chaki.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka jana. Niko sokoni kwa wauza samaki, baba mmoja mwenye ndevu zake akaniona, akapaza sauti: "Teacher is falling down!" Mwanafunzi wangu. Tulicheka hadi machozi. Pale pale changu mmoja akaponyoka kwenye beseni akaanguka mchangani, nikamwambia haya, nieleze na huyu kwa Kiingereza. Akakwama. Sentensi anayo, ameitunza miaka yote hiyo, ila imegandamana na mimi sakafuni. Kuibandua pale akamvika samaki hawezi.

Basi hilo ndilo jibu langu. Kichekesho kinakubandikia neno bure, hulipii jasho. Kulibandua ulitumie kwingine ni kazi yako, na kipande cha katuni hakikufanyii.

Halafu si kila kinachochekesha kinafundisha. Wale paka na panya, Tom na Jerry, ambao wapo tangu 1940, hawasemi karibu neno lolote. Waangalie miaka kumi, utatoka na mbavu zinauma na Kiingereza chako kile kile. Wafaa kwa mazoezi, nitakwambia. Ukitaka maneno, tafuta katuni ambayo watu wanaongea. Ipo ya Waingereza ya familia ya nguruwe, Peppa Pig, kila kisa dakika tano hivi, na msimulizi anakuambia kinachotendeka huku unakiona. Najua, ni nguruwe. Shangazi yako alipomkuta mjukuu wake anaiangalia alisoma dua. Lakini kumtazama si kumla.

Kuna kitu kimoja ambacho katuni inakifundisha kuliko mimi na ubao wangu wote. Sisi kitenzi tunakigeuza mkia: pika, pikia, pikwa, pikisha. Mwingereza mkia anaugusa kidogo tu, mara nyingi anapachika vineno baada ya kitenzi, na kila kineno kinaleta maana yake. Chukua "run". Paka anamfukuza panya: "runs after". Panya anatoroka: "runs away". Paka anajipigiza mlangoni: "runs into the door". Hayo niliyaandika ubaoni miaka nenda rudi, watoto wananitazama kama mbuzi anayetazama mvua. Katuni inayamaliza kwa nusu dakika. Kisha liko la nne, na hilo ni la kazini kwako: "We have run out of octopus." Hapo hakuna aliyekimbia, si pweza wala mpishi. Mmeishiwa pweza, basi.

Faida nyingine ni masikio. Kiswahili hakitudanganyi, kilichoandikwa ndicho kinachosomwa, kwa hiyo anayejifunza Kiingereza kwa kitabu tu anatamka kila herufi. Kaka yako mpaka leo kisu kwake ni "kinaifu". Ukilisikia "knife" kabla hujaliona, ile "k" haikusumbui tena. Na irabu zetu ni tano tu, wenzetu wanazo nyingi, nyingine ndefu nyingine fupi. Kwako wewe hilo si jambo dogo, maana "beach" na "sheet", ufukwe na shuka, maneno mawili unayoyasema kutwa, ukiifupisha ile sauti yanageuka matusi. Sikiliza, rudisha nyuma, iga, kaa kwenye kioo uvute mdomo kama unatabasamu. Kama wanaongea haraka, punguza kasi, YouTube inakubali.

Jinsi ya kuangalia. Kipande kimoja cha dakika mbili, usikimbilie kingine. Kwanza zima sauti ujiambie kwa Kiswahili nini kinatendeka. Kisha fungua sauti. Mara ya tatu weka maandishi ya Kiingereza chini, tafsiri usiweke, macho yatakimbilia huko na masikio yatalala. Halafu zima simu kabisa, usimulie kwa mdomo, na sasa ndipo unapobandua: si paka tena, ni mwenzako wa jikoni, si leo, ni jana. "He ran into the fridge." Hapo ndipo paka na panya wasiosema wanapofaa, wao wanatenda, wewe ndiye unayesema. Maneno matano kwenye daftari yanatosha kwa usiku mmoja. Chuoni tulisomeshwa habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zinavyompotea. Aliona usahaulifu unakuja mbio mwanzoni, kisha unapunguza mwendo. Kwa hiyo yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki.

Sasa yule mzee. Kwenye katuni "silly" ni mama anamwambia mwanawe, au watoto wanaambiana wenyewe kwa wenyewe. Bibi yako akikwambia "mjinga wewe" huku anakupa sambusa, ni mapenzi. Mwambie hivyo baba mkwe uone. Sisi heshima yetu inasimama mlangoni, shikamoo kwanza, mengine baadaye. Wao wanaificha ndani ya sentensi: "could you", "would you mind", "let me get it for you, sir". Lile la mwisho ndilo ulilopaswa kumwambia huku unaikimbilia kofia. Na kubwa lao ni "I'm afraid". Ukilitafsiri neno kwa neno ni "naogopa", kumbe ni samahani ya mtu anayeleta habari isiyopendeza: "I'm afraid we have run out of octopus." Pweza hayupo, lakini mgeni hajavunjiwa heshima.

Maneno ya aina hii kwenye vichekesho ni haba, kwa sababu adabu haichekeshi. Simama karibu na yule mhudumu wenu mkongwe uliyenisimulia, sikiliza anavyokataa, anavyoomba radhi, anavyoleta bili. Na huyo mzee kama bado yupo, mwombe samahani kesho wakati wa chai. "I'm sorry about yesterday, sir" inatosha, usimweleze habari za katuni.

Hapa sote wazima. Mdogo wako ananisimamia na simu, anataka kupiga picha. Niliposoma pale kwenye pweza akacheka, akaniambia mama, ongeza na letu. Haya: I'm afraid we have run out of sugar. Na unga. Mshahara ukiingia tukumbuke.

Mama yako