Bendi isiyo na kampuni ihangaike na video?
Ndugu yangu, umeuliza kama bendi changa ya hapa Kisumu, isiyo na kampuni ya kurekodi nyuma yake, ina sababu ya kutumia akiba yake kwa video badala ya kurudi studio. Naona inayo, mradi wazo litangulie kamera. Mwaka 2010 Just a Band wa Nairobi walitoa video ya "Ha-He", na mhusika wake Makmende (jina ambalo zamani watoto wa mtaani walimbandika mwenzao anayejifanya shujaa) akasambaa mitandaoni hivi kwamba hata wasioijua bendi walimtungia vichekesho. OK Go wa Marekani walikuwa na kampuni kubwa, lakini video yao ya 2006 iliyoshinda Grammy ilikuwa ya kamera moja iliyotulia na mashine nane za kukimbilia, wakairudia mpaka ikatoka bila kukatwa.

Kinachonichosha ni video zetu nyingi kuanza na droni juu ya ziwa, kisha gari la kuazima, kisha miwani ya jua. Mwaka jana niliwatazama vijana wakirekodi ufuoni Dunga. Walilingojea gari hilo karibu saa tatu, ilhali nyuma yao mama mmoja alikuwa akikaanga samaki huku akiucheza wimbo wao, kiuno na mwiko vikienda pamoja, na kamera haikumgeukia hata mara moja.